Punje Mbichi Ghalani na Shayiri Iliyozamisha Meli

Msomaji mpenzi, labda unalisoma gazeti hili barazani huku mvua inanyesha, na mahindi yako yangali shambani, yamekwisha komaa lakini hayajavunwa. Kila asubuhi unatoka kutazama mbingu. Mabua yamegeuka rangi ya udongo, mahindi yameinama, na maji yanajipenyeza ndani ya maganda. Miezi michache tu iliyopita tulikuwa tukiomba mvua, hata jumuiya nyingine ziliomba Misa kwa nia hiyo. Sasa tunaomba ikome.

Leo nataka tuzungumze habari za maji na nafaka. Sitasema habari ya kupanda kwa mistari wala ya mbolea, maana hiyo umekwisha kuisikia mara nyingi kutoka kwa mabwana shamba. Nitasema habari ya maji yanayobaki ndani ya punje baada ya jembe kuwekwa pembeni. Maji hayo huyaoni kwa macho, lakini ndiyo yanayomaliza kimyakimya kile ambacho mafuriko yamekiacha. Tena nitakupeleka mbali kidogo, mpaka baharini, kwa sababu mabaharia wanaopakia nafaka walijifunza jambo hili kwa kufa maji, na sisi twaweza kujifunza kwao bila kulowa.

BONDE LA RUFIJI

Tuanze karibu. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, ya Luwegu na ya Ruaha Mkuu. Nchi yote inayoupelekea maji ni kama kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja katika tano za Tanzania Bara. Ndiyo kusema, mvua iliyonyesha juu ya shamba la mtu wa Usangu au wa Iringa, ile isiyonywewa na ardhi, ina safari ya kwenda kupita Utete kabla ya kumwagika baharini. Mtu wa bondeni aweza kuamka siku ya jua kali, hakuna wingu hata moja, akakuta mto umepanda.

Watu wa bonde hilo hawakulikimbia gharika. Walilifanya mwenzao katika kazi. Mpunga hupandwa mvua za kwanza zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, ili uwe umesimama imara kabla ya masika. Mto ukivimba mwezi wa Machi au Aprili, mpunga huo unapanda pamoja na maji. Wakati huo wenyewe hukaa katika dungu, yaani nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, wakifukuza ndege na nguruwe mwitu. Maji yakirudi mtoni huacha tope jipya lenye rutuba, na juu ya tope hilo hupandwa mahindi, kunde na mboga, bila kungojea mvua. Kilimo hicho cha pili wanakiita mlau. Mimi nadhani ni moja ya kazi za akili kubwa kabisa zilizobuniwa na wakulima wetu, na inasikitisha kwamba watoto wengi hawaisomi shuleni.

Labda utauliza, kwa nini mpunga huishi katika maji na mahindi hufa? Sababu ni pumzi. Mizizi ya mmea hupumua kama sisi, na hupata hewa katika vitundu vidogo vilivyomo kati ya chembe za udongo. Maji yakijaa, vitundu huzibwa. Mhindi mchanga ukifunikwa na maji siku tatu nne, mizizi yake hukosa hewa na kuoza. Tena chakula cha udongoni husombwa, nayo majani huanza kuwa manjano kuanzia chini. Lakini mpunga una mirija ndani ya shina lake, inayoshusha hewa kutoka majanini mpaka mizizini. Ni kama mtu aliyezama akipumulia bua lenye tundu lililotokeza juu ya maji. Hata hivyo bua hilo lina urefu wake. Gharika likija mapema, mpunga ukiwa ungali mfupi, maji hupita juu ya majani na mpunga nao hufa.

Ndiyo maana wazee wa Rufiji hawaulizi tu kama mto utafurika, huuliza utafurika lini. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa hata serikali ikaamua kuwahamisha watu waende kukaa mahali pa juu, na kazi hiyo ilifanyika mwaka 1969. Nyumba zilihama, lakini mashamba hayakuweza kuhama, kwa kuwa tope zuri lilibaki kule kule chini. Tangu Desemba 2022 maji ya mto huo yanakusanywa katika bwawa kubwa la Julius Nyerere, na mkulima wa bondeni sasa ana jambo la pili la kuliangalia zaidi ya mawingu. Na mwezi wa Aprili 2024 mashamba ya Rufiji na Kibiti yalizama tena. Mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko ya mwaka huo yalikuwa yamekwisha kuua watu 155 nchini.

Sasa tazama mpunga unavyoivya: mwezi wa Juni au Julai, wakati upepo wa kusi umeshika. Kusi huvuma kutoka kusini kwenda kaskazini, na Unguja iko kaskazini ya midomo ya Rufiji. Mungu alipanga mavuno na upepo vikutane. Katika karne ya 19 majahazi yaliingia katika midomo ile yenye mikoko, yakapakia mchele na boriti, yakafungua tanga kwenda kuwalisha watu wa Unguja, ambako mashamba mengi yalikuwa ya karafuu na chakula kiliagizwa ng'ambo. Basi nafaka iliyokuzwa na maji ya mto ilichukuliwa juu ya maji ya bahari. Katikati ya maji hayo mawili ilikuwapo kazi moja isiyoweza kurukwa, nayo ni kuanika.

Jambo hili si la kwetu tu. Ngano ya Misri ilioteshwa na gharika la Nile kila mwaka, na kwa ngano hiyo Roma ilikula. Msomaji anayeyajua Matendo ya Mitume atakumbuka kwamba meli iliyomchukua Mtakatifu Paulo kwenda Italia, ile iliyovunjika Malta, ilitoka Aleksandria, na ndani yake walikuwamo watu 276. Katika dhoruba watu wale walikula wakashiba, kisha wakaitupa ngano baharini ili meli ipungue uzito. Nimeisikia sura hiyo ikisomwa mara nyingi, lakini ni juzi tu nilipojiuliza ngano ile ilitoka shamba la nani.

SHEHENA INAYOTEMBEA

Haya, tuingie melini. Wewe ukitia mahindi katika gunia ukalishona, gunia hukaa mahali ulipoliweka. Lakini meli kubwa za siku hizi hazitumii magunia. Nafaka humiminwa wazi ndani ya tumbo la meli, tani maelfu kwa maelfu, kama unavyomimina mchele katika mtungi. Na nafaka iliyomiminwa ina tabia ya maji nusu na ya mchanga nusu. Meli inapotikiswa na mawimbi, punje hushindilika, na juu yake huachwa nafasi tupu. Meli ikilala ubavu mmoja, punje huteremka upande huo kupitia nafasi ile. Maji yangalirudi meli inapoinuka. Nafaka hairudi yote. Wimbi la pili huiteremsha tena, na la tatu, na meli inabaki imeinama.

Mwaka 1957 ilikuwako meli ya Ujerumani iliyoitwa Pamir, yenye milingoti minne. Ilijengwa Hamburg mwaka 1905, na wakati huo ilikuwa miongoni mwa meli za tanga za mwisho duniani zilizokuwa zikichukua shehena. Wengi wa mabaharia wake walikuwa vijana wanafunzi, waliotumwa kujifunza kazi ya bahari. Ilitoka Buenos Aires, Argentina, ikielekea Hamburg, nayo ilikuwa imebeba shayiri kama tani 3,780, sehemu kubwa ikiwa imemiminwa wazi. Tarehe 21 Septemba ilikutwa na tufani katika Atlantiki, kusini-magharibi ya visiwa vya Azores. Meli ililala ubavu, shayiri ikateremka upande mmoja, haikuinuka tena. Walikuwamo watu 86. Waliookolewa ni 6.

Tufani ilikuwa na sehemu yake, na maji yaliyoingia kutoka juu yalikuwa na sehemu yake. Lakini wachunguzi walitaja pia shayiri ile na jinsi ilivyopakiwa. Fikiri, msomaji, chakula kile kile ambacho mama angaliwapikia watoto uji, ndicho kilichowasukuma vijana wale majini. Leo iko sheria ya mataifa yote juu ya kupakia nafaka. Nahodha hana budi kuthibitisha kwa hesabu kwamba meli haitapinduka hata nafaka ikisogea, na wapakiaji hawana budi kuisawazisha mpaka pembeni kabisa, au kufunga juu yake kwa mbao na magunia.

Tabia ya pili ya nafaka melini inatuhusu zaidi sisi wa vijijini. Nafaka ni kitu hai. Punje hupumua: huvuta hewa, na hutoa joto na mvuke. Punje kavu hupumua polepole sana, kama mtu aliyelala. Punje mbichi hupumua kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima, nayo hutoa joto. Joto hilo huamsha kuvu na wadudu, nao wakapumua vilevile na kuongeza joto. Hewa nzuri ndani ya tumbo la meli yaweza kwisha kabisa. Mabaharia na wachukuzi wamekufa kwa kushuka ndani ya shehena bila kupima hewa kwanza, na waliowafuata kuwaokoa wakafa juu yao.

Kisha kuna lile ambalo mabaharia huliita jasho la meli. Meli inatoka nchi ya joto ikiwa na nafaka yenye joto, inaingia bahari ya baridi. Chuma cha juu kinapoa. Mvuke wa nafaka unapanda, unakutana na chuma baridi, unageuka matone, na matone hudondoka juu ya nafaka. Hakuna mvua iliyoingia wala wimbi, lakini wakifungua wanakuta tabaka la juu limeota kuvu na kushikamana kama ganda. Nafaka imejinyeshea yenyewe.

Waonaje? Hujapata kuona jambo hilo nyumbani kwako? Funga mahindi yasiyokauka vizuri katika mfuko wa nailoni uuweke chini ya bati. Mchana bati lawaka, usiku lapoa. Asubuhi ingiza mkono juu, chini ya kifungo cha mfuko. Utakuta unyevu. Ghala lako ni meli ndogo isiyosafiri.

Nitatoa mfano mmoja wa kinyume, kwa ufupi. Vita vilipoanza Ukraine mwezi wa Februari 2022, meli nyingi zilizokuwa na nafaka zilifungiwa bandarini. Ya kwanza kutoka Odesa baada ya mapatano iliitwa Razoni. Iliondoka tarehe 1 Agosti 2022 na mahindi zaidi ya tani 26,000, yaliyokuwa yamekaa ndani ya meli miezi kama mitano. Mnunuzi wa Lebanon aliyakataa kwa sababu yamechelewa. Hata hivyo yalipata wanunuzi wengine, Uturuki na Syria. Mahindi mabichi yasingalingoja hata wiki tano.

MGENI ALIYEKUJA NA MAHINDI YA NG'AMBO

Bahari haileti chakula tu. Wasomaji wa Tabora walio na umri wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mdudu mgeni alipoanza kuyageuza mahindi yao unga kabla hayajafika kinuni. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wataalamu wanaona kwamba alifika ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo mwishoni mwa miaka ya 1970, yaani alipanda meli kama abiria asiye na tikiti. Wakulima walimpa jina la Scania, kama yale malori makubwa. Sisi wengi leo twamwita dumuzi.

Namtaja kwa sababu yeye huvunja kanuni. Wadudu wengine wa ghalani huhangaika punje ikikauka sana. Dumuzi hutoboa hata mahindi makavu, na hupenda zaidi yale yaliyobaki kwenye magunzi. Kwa hiyo yule ndugu anayesema, "Mimi nimekausha, basi nimemaliza," hajamaliza. Ikiwa eneo lako lina dumuzi, kausha mahindi kwenye magunzi, lakini yakikauka yapukuchue mara, na uyahifadhi katika chombo kisichopitisha hewa.

SUMU ISIYOONEKANA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuvu ya mahindi na karanga yaweza kutoa sumu ambayo kwa Kiswahili tumeiita sumukuvu. Haina harufu yake yenyewe, wala ladha. Kuipika hakuiondoi. Kuvu lenyewe laweza kupanguswa punje ikaonekana safi, na sumu ikabaki ndani. Mwenye kuila kidogo kidogo miaka mingi huharibika ini, na aweza kupata saratani ya ini. Mwenye kuila nyingi kwa muda mfupi huvimba tumbo, macho huwa manjano, na hufa.

Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, katika Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo. Walikufa 125. Mahindi yao wenyewe, ya mashamba yao wenyewe, yaliyovunwa yakiwa na unyevu na kuwekwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka. Mwaka 2016 jambo kama hilo lilitokea kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliougua walipita 60, na waliokufa walikuwa kama 20. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na malori yakapanga foleni mipakani. Bei iliteremka vijijini kwa watu ambao huenda mahindi yao hayakuwa na kosa lolote.

Nisikilize hapa, mama mwenye nyumba. Mahindi yenye kuvu usiyatenge kwa ajili ya kuku. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hupita katika maziwa na kumrudia mtoto wako katika kikombe. Na ile desturi ya kusema, "Haya mabovu tutafanyia pombe," ni desturi mbaya kabisa, kwa kuwa sumu haifi katika pombe, na wanywaji ni baba zetu na majirani zetu. Mahindi hayo ni ya kufukia.

HABARI YA KUUZA MAJI

Nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kwamba mahindi ya kuuzwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Tufanye hesabu ndogo. Chukua kilo 100 za mahindi makavu ya kiasi hicho. Yale yale, kama yangalikuwa na unyevu wa asilimia 18, yangalikuwa na uzito wa kilo 105 na nusu. Ndiyo kusema, anayeuza kabla ya kuanika vizuri hupata kilo tano na nusu za maji kwa bei ya mahindi. Ni jaribu kubwa, hasa ada ya shule ikidaiwa.

Nami nalijua jaribu hilo kwa kuwa lilinishinda. Mwaka mmoja wa mvua nyingi niliuza magunia manane ambayo nilijua kabisa hayajakauka. Mnunuzi alikuwa na haraka, hakuuma hata punje moja. Nilifurahi kwa wiki tatu. Kisha nikasikia kwamba yalichomeka ndani ya ghala lake, yakageuka kijani, na kwamba sehemu ilikuwa imekwisha kuchanganywa na ya watu wengine na kupelekwa kusagwa. Mahindi yale yalikwenda katika sufuria za nani, sijui mpaka leo. Nilirudisha fedha, lakini fedha haikuyatoa mahindi katika unga.

KUANIKA WAKATI WA MVUA

Utasema: "Ni vizuri, lakini jua liko wapi?" Ni kweli, ndiyo shida yenyewe. Nitasema yale ninayoyajua kuwa yanafaa.

Usiyaache mahindi shambani yakingoja kukauka huku mvua yanyesha. Vunja hindi moja, ng'oa punje, tazama kitako chake pale iliposhikana na gunzi. Ukiona kidoa cheusi, hindi limekomaa. Halitaongezeka tena hata likikaa mwezi mzima. Livune. Menya maganda na kuyapeleka kwenye kichanja chenye paa, kilicho wazi pande zote ili upepo upite. Kichanja kiwe chembamba. Sehemu zenye mvua nyingi upana wa sentimita 60 unatosha. Kikiwa kipana mahindi ya katikati hayaoni upepo. Bibi zetu waliokuwa wakitundika mahindi darini juu ya meko hawakuwa wajinga, moshi na joto vilifanya kazi mbili kwa pamoja.

Jua likitoka, hata la saa mbili, anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu. Unyevu wa ardhi hupanda, na kuvu yenyewe hukaa udongoni. Tandaza nyembamba, unene wa vidole viwili au vitatu, ukageuze mara kwa mara. Kabla ya jioni kusanya, kwa sababu umande huweza kurudisha katika usiku mmoja kazi ya siku nzima. Mpunga nao una tabia yake: ukiuanika kwa pupa katika jua kali la mchana, punje hupasuka ndani, na mashineni utapata chenga badala ya mchele mzima. Ugeuze na uupe kivuli saa za jua kali.

Usipige mahindi mabichi kwa fimbo ndani ya gunia. Punje iliyovunjika ni mlango wazi kwa kuvu. Chagua pia, watoto wakusaidie, kila punje yenye rangi ya kijani, nyeusi au iliyonyauka itoke. Kazi hii inachosha, nakubali, lakini sumu hukaa zaidi katika punje chache zilizoharibika, na kuzitoa hizo ni kutoa sehemu kubwa ya hatari.

Kuhusu ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ni mizuri sana, na humwua hata dumuzi kwa kumnyima pumzi. Lakini ni kwa nafaka kavu tu. Ukitia mbichi umejenga meli yenye jasho.

Na ikiwa maji ya mafuriko yameingia ghalani, usidanganyike kwamba utaanika yakauke ule. Maji yale yamepita vyooni na makaburini kabla ya kufika kwako. Kilicholowa kwa maji hayo ni cha kutupa, kilichokaa juu bila kuguswa ndicho cha kuokoa, na kihamishwe upesi kabla unyevu haujapanda.

Utajuaje basi kama nafaka imekauka? Wengi huuma, na meno ya mzoefu ni shahidi mzuri, lakini si ya kila mtu. Wenye vipimo vya mashine watumie. Asiye nacho atumie chumvi. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Twaa chumvi ya kawaida uikaushe juani au karibu na moto mpaka ipukutike. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko vikubwa viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika chache. Iache chupa imetulia robo saa. Kisha tazama. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi yarudi juani. Chumvi ikianguka chini yote na kioo kikabaki kisafi, yako chini ya hapo. Waongezee siku moja ya jua, nawe utakuwa karibu na kile kiasi cha soko.

Pima kutoka magunia mbalimbali, na katikati ya gunia, si juu tu. Mimi chupa yangu naiweka juu ya dirisha la jikoni, mahali ambapo watoto hawaifikii.